"Leo njo siku gani?" Kwa vijana wenzangu tunaokaa nyumbani na diploma



Siku moja mama yangu alirudi kutoka soko saa nne ya asubuhi. Beseni la mikate lilikuwa tupu, maana yake alikuwa ameuza yote. Alinikuta bado kitandani, simu mkononi, nikiangalia video za watu nisiowajua. Hakunitukana. Aliweka beseni chini, akakaa kwenye kiti kidogo, akaniuliza: "Papa, leo njo siku gani?"

Nikamjibu: "Siku ya pili."

Ilikuwa siku ya nne.

Mama alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Nilisikia haya kuliko kama angenipiga. Nina miaka 25. Nilisoma sayansi ya uchumi, nikatetea memwari yangu mbele ya waalimu watatu, nikapigwa picha na toga, majirani wakaja kula kuku. Tangu siku ile umepita mwaka mmoja na miezi saba, na mimi niko hapa Barumbu, kwa wazazi. Mtu aliyefundishwa kuhesabu mali ya inchi nzima alishindwa kuhesabu siku mbili.

Naandika kwa sababu najua siko peke yangu. Kila avenyi iko na watu kama mimi. Tunaonana jioni, tumeoga, tumevaa vizuri, na kila mmoja anamuuliza mwenzake: "Sasa, iko nini?" Na kila mmoja anajibu: "Tuko tu." Ni juu ya hili neno "tuko tu" nataka tuongee leo.

Kosa tuliweke mahali pake

Kabla ya kuongea juu ya saa za kuamka na ratiba, tuseme kitu kimoja wazi, ili mtu asije kutumia maneno yangu vibaya. Sisi hatukujileta nyumbani. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 36, inasema kazi ni haki na tena ni wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na kwamba Leta ndiyo inayohakikisha haki hiyo na kumlinda raia asikose kazi. Iko imeandikwa. Hakuna aliyetufanyia zawadi.

Wazee wetu waligeuza jambo hili kuwa mzaha. Wanasema sheria ya kweli ya Kongo ni "ibara ya 15": jitafutie mwenyewe. Tunacheka wote. Lakini fungua Katiba ya 2006, soma ibara ya 15 yenyewe: inaamuru viongozi wapige vita jeuri ya kingono. Hakuna mahali inaposema raia ajitafutie. Ule mzaha umetufanyia kazi mbaya sana, juu leo kiongozi anaweza kusimama mbele ya vijana elfu moja wasio na kazi, akawaambia "muwe wabunifu", na watu wakapiga makofi.

Kwa hiyo mtu akisoma barua hii akasema, "Mnaona, kijana mwenyewe anakubali kwamba shida ni uvivu," ajue hakusoma.

Lakini kuna jambo la pili. Hata kama kosa si letu, siku ni zetu. Siku iliyopotea hakuna serikali itakayoirudisha, hata ile nzuri tunayoipigania.

Kijiji cha Austria na kiwanda cha Kisangani

Kule Austria, karibu na jiji la Vienna, kuna mahali panaitwa Marienthal. Watu wote pale waliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Mwaka 1929 na 1930 kiwanda kikafungwa, karibu kijiji kizima kikabaki bila kazi. Watafiti vijana, kati yao Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld, wakaenda kuangalia maisha ya watu hao, wakatoa kitabu mwaka 1933.

Wewe ungefikiri nini? Mtu asiye na kazi ana wakati mwingi, basi atasoma sana, atatembelea watu, atashughulika na siasa. Watafiti waliona kinyume. Maktaba ya kijiji ilikuwa pale, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua. Watu waliacha hata kusoma magazeti kama zamani. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama kila mara bila sababu. Wengi hawakuvaa saa tena. Walipoombwa waandike walichofanya siku nzima, walikosa la kuandika: niliamka, nilikula, kati ya hapo hawakukumbuka.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka swali la mama. "Leo njo siku gani?"

Sisi watu wa upande huu wa Tshopo hatuhitaji kwenda Austria kuelewa. Uliza wazee wa Kisangani juu ya SOTEXKI, kiwanda cha vitambaa. Watakuambia namna saa ya kiwanda ilivyopanga maisha: saa ya kuingia, saa ya kutoka, siku ya mshahara. Kazi haileti makuta tu. Inaleta asubuhi na jioni. Inakupa mtu wa kukuuliza kwa nini umechelewa. Kazi ikiondoka, vyote hivyo vinaondoka pamoja nayo, na wewe unabaki na siku ndefu isiyo na kona.

Kukaa nyumbani tunakujua

Familia zetu zimekaa nyumbani mara nyingi. Juni 2000, kutoka tarehe 5 hadi 10, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa silaha nzito. Watu walilala chini ya vitanda, bila maji, bila chakula. Mama yangu alikuwa kule mjini, na mimi nilikuwa tumboni mwake. Kila mara anaposimulia anasema: "Tulihesabu siku. Sita." Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa mabaya ya vita vile, lakini mama anakumbuka zaidi zile siku sita alizohesabu.

Machi 2020, korona ilipoingia, shule na vyuo vikuu vilifungwa, hali ya dharura ikatangazwa. Tulikaa nyumbani kwa miezi. Tulichoka, lakini tulijua tunangoja nini: siku ya kufungua.

Na tarehe 16 Februari 2016, watu wa miji mingi ya Kongo walikaa nyumbani kwa kutaka wenyewe. Ilikuwa siku ya mji mfu: maduka yamefungwa, barabara tupu, ili kudai uchaguzi ufanyike kwa wakati wa Katiba, na pia kukumbuka maandamano ya Wakristo ya tarehe 16 Februari 1992. Kule Goma vijana sita wa LUCHA walikamatwa asubuhi mapema wakitayarisha mabango, wakahukumiwa kifungo. Siku ile kukaa nyumbani kulikuwa ni kusema neno kubwa.

Angalia vizuri. Vita vilikuwa na siku sita. Korona ilikuwa na tarehe ya kufungua. Mji mfu ulikuwa na sababu. Kukaa kwetu leo hakuna tarehe, hakuna sababu, na hakuna aliyekutangaza. Ndiyo maana kunatuua kichwa. Basi kama hakuna aliyekuwekea mpaka, jiwekee wewe.

Nilichojaribu, na kilichonishinda

Baada ya lile swali la mama, niliandika ratiba. Ilikuwa na mistari kumi na minne: kuamka, mazoezi ya mwili, Kiingereza, kompyuta, kusoma, sala, mpaka saa ya kulala. Nilibandika ukutani. Ilidumu siku nne. Siku ya tano nilipata malaria, nilipopona nikaona haya kuitazama, nikaitoa.

Nilijifunza kwamba mtu aliyelala mwaka mzima hawezi kuamka akawa mkurugenzi wa benki asubuhi moja. Nikapunguza. Leo nina mambo manne tu, na nayashika tangu miezi mitano.

La kwanza: naamka na mama. Saa kumi ya usiku yeye anakanda unga, mimi nawasha mbabula na kuchota maji. Hakuna mtu aliyeniambia kazi hiyo ni ya mtu mwenye diploma. Lakini baada ya wiki mbili akili ya shule iliamka yenyewe. Nilichukua daftari la shule, nikaanza kuandika: unga, mafuta, sukari, hamira, makala, na yote yanayouzwa kwa deni. Mwisho wa mwezi tulikaa chini na mama. Madeni ya majirani, ya "nitakulipa kesho", yalikuwa sawa na mfuko mzima wa unga. Mama alisikia kwamba anapoteza, miaka mingi, lakini hakujua ni wapi. Tukakubaliana: deni lina mwisho, na linaandikwa. Sikuleta mshahara nyumbani, lakini mfuko ule haupotei tena.

La pili: kitu kimoja cha kujifunza mpaka mwisho. Kimoja. Mimi nilichagua kutengeneza hesabu kwenye kompyuta. Sina kompyuta, na umeme si wa kutegemea. Simu naichaji kwa jirani mwenye panelo ya jua, nalipa kidogo. Basi masomo nayavuta kwenye simu usiku, nayaandika kwenye karatasi, na mara moja kwa wiki namwomba rafiki saa mbili za mashine yake. Ni polepole. Lakini polepole yenye mwelekeo imeshinda mwaka mzima wa kuvuta video.

La tatu: saa moja ya wengine. Kwenye avenyi yetu kuna watoto wa darasa la mwisho la sekondari wanaotayarisha Exetat, mtihani wa Leta. Hesabu inawatesa. Mchana saa tisa tunakaa chini ya mti wa maembe, ubao wetu ni mlango wa zamani. Anayeweza analeta kitu, asiyeweza analeta kiti chake tu. Hawa watoto wamenipa kile kiwanda kiliwapa wazee: watu wanaoniuliza kwa nini nimechelewa.

La nne: saa ya raia. Mara mbili kwa wiki nasoma sheria au nasikiliza habari na kalamu mkononi. Wangapi kati yetu wanajua kwamba ibara ya 175 ya Katiba inatoa asilimia 40 ya mapato ya taifa kwa mikoa, na kwamba sehemu hiyo inapaswa kubaki mkoani moja kwa moja, palepale inapokusanywa? Tunapiga kelele juu ya barabara na umeme wa Tshopo bila kujua tudai franga zipi, kwa nani, kwa ibara gani. Mtu asiye na kazi ana saa ambazo mtu wa ofisini hana. Tuzitumie kujua.

Na dosie? Naendelea kupeleka. Lakini si kila siku. Safari ya kwenda na kurudi inakula makuta ya mama, basi nakusanya mambo yote ya mjini kwa siku moja ya wiki. Zile siku nyingine sikai tena karibu na simu nikingoja iite.

Neno kwa wanaume

Hapa nataka tusikilizane vizuri, yaya zangu na wadogo zangu wa kiume.

Niliposimulia dada yangu mdogo habari za Marienthal, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Yaya, na bibi zao?" Nikamwambia kitabu kinasema wanawake walitembea haraka kuliko wanaume, hawakuwa na wakati wa kusimama barabarani, juu kazi za nyumba hazikufungwa pamoja na kiwanda. Akacheka: "Njo vile ku yetu."

Dada yangu alimaliza sekondari miaka miwili iliyopita. Yeye pia yuko nyumbani. Lakini hakuna hata siku moja aliyokosa kujua ni siku gani, kwa sababu kila siku ina maji yake, vyombo vyake, sombe yake ya kutwanga, nguo zake za kufua, na kati ya hizo nguo ziko zangu. Mwaka mzima mimi nililala na diploma yangu, yeye akaosha sahani yangu. Halafu mimi ndiye watu walinihurumia: "Masikini, kijana alisoma, anakosa kazi." Yeye hakuna aliyemhurumia, maana hakuna aliyeona kwamba anakosa kitu.

Basi kama unataka kupanga siku yako ili usome na ujiendeleze, anza kwa kuangalia saa zako zinatoka wapi. Ukipata saa tano za bure kwa sababu dada yako anafanya kazi ya watu wawili, hiyo si nidhamu, ni wizi mdogo. Kwetu sasa maji ni yangu, vyombo tunabadilishana. Yeye amepata mchana wake, na anajifunza kushona kwa mama mmoja jirani. Wiki ya kwanza marafiki walinicheka nikiwa na ndoo kichwani. Wiki ya tatu mmoja wao aliniuliza nini kinanipa usingizi mzuri.

"Unatufundisha kuzoea"

Rafiki mmoja, tunapigania naye mambo mengi, aliposoma haya kabla sijayatuma alikasirika. Alisema: "Weye unatufundisha kuzoea. Mtu akizoea umasikini wake vizuri, hatapigana tena."

Nililichukua neno lake kwa uzito, kwa sababu hatari iko kweli. Kuna watu wanaopenda sana vijana "wanaojishughulisha", mradi wasidai kitu. Kuna ofisi moja mjini ilinipokea kwa staji isiyolipwa. Walisema miezi mitatu, ikawa sita. Nilipiga fotokopi, nilinunua maji ya wakubwa, niliandika ripoti ambazo wengine walitia sahihi. Nilipouliza juu ya mkataba, waliniambia vijana wa leo hawana subira, na wiki iliyofuata kiti changu kilikuwa na mwingine. Hiyo si kujiendeleza. Ni kazi bila mshahara, na tuite jina lake. Ukikubali staji, andika tarehe ya mwisho, na siku hiyo ondoka.

Lakini kwa rafiki yangu nilijibu hivi: kumbuka mara ya mwisho tulipoitana kwa kikao. Tulikubaliana saa nane. Nani alifika saa nane? Wawili. Wengine walifika saa kumi, wengine walisahau siku. Tulisema ni mvua. Haikuwa mvua. Tulikuwa kama wale wanaume wa Marienthal, saa zimetutoka mikononi. Watu wa namna hiyo hawamtishi kiongozi yeyote. Anaweza kutungoja tu, tutachoka wenyewe.

Mtu anayejua leo ni siku gani anajua pia bajeti imechelewa siku ngapi, na ahadi ya barabara ina miezi mingapi. Kuhesabu ni mwanzo wa kudai. Kwa hiyo sisemi tuzoee. Nasema tusilale tukingoja.

Mwito

Kwa wakubwa wa mkoa na wa inchi: nafasi za kazi za Leta zitangazwe wazi, mahali kila mtu anaweza kusoma, na mashindano yafanyike mbele ya watu. Staji iwe na muda wake na malipo yake. Ibara ya 36 si shairi.

Kwa wewe mwenzangu unayesoma hii kwenye simu, labda bado kitandani: usiandike mistari kumi na minne. Chagua saa moja ya kuamka, kitu kimoja cha kujifunza, mtu mmoja wa kusaidia, na kazi moja ya nyumba ambayo jana ilifanywa na dada yako. Uandike kwenye daftari tarehe ya leo. Kesho uandike ya kesho. Ukianguka siku moja, usitoe karatasi ukutani kama mimi. Endelea siku inayofuata.

Na kama uko karibu na sisi hapa Barumbu, ulisoma hesabu, fizikia, Kifaransa au kitu kingine chochote: watoto wa Exetat ni wengi na mimi ni mmoja. Tunakutana siku ya sita, saa tisa ya mchana, chini ya ule mti wa maembe. Nimesema saa tisa. Lete kiti chako.